Kujaribu matone ya macho makavu: daftari la fundi cherehani wa Dodoma

Nashona sare za shule hapa Dodoma, jirani na soko la Majengo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Macho yalianza kunisumbua nikiwa na miaka 49, mwezi wa Agosti, kipindi ambacho upepo wetu unabeba vumbi na hewa haina unyevu kabisa. Nilihisi mchanga chini ya kope. Ikifika saa tisa alasiri namba za tepu ya kupimia zinafifia, nikipepesa zinarudi, baada ya muda zinafifia tena. Na nikitoka nje, machozi yanatiririka mpaka kidevuni. Jirani yangu muuza nyanya aliniuliza, "Dada, macho makavu gani haya yanayolia?"

Nilikuja kuelezwa kwamba ndivyo yalivyo. Uso wa jicho ukikauka, jicho linaungua, na tezi kubwa ya machozi inamwaga maji mengi kwa mkupuo kama mtu anayezima moto. Maji hayo hayakai. Yanashuka shavuni, na jicho linabaki vilevile.

Mwaka wa kwanza nilinunua vichupa sita vya matone. Kila kimoja nilikipenda siku ya kwanza na kukichukia baada ya wiki mbili, halafu nikahamia kingine. Fedha ile ingenunua jora la kitambaa cha sketi. Kosa langu lilikuwa kuamini ule ubaridi wa mwanzo. Tone lolote la maji likiingia kwenye jicho linaloungua, litapendeza kwa dakika tano. Cha kuuliza ni hali ya macho yako saa mbili baadaye, na hali yake siku ya kumi na nne. Hilo huwezi kulijua kwa kukumbuka tu, ni lazima uandike.

Naandika hapa namna ninavyofanya, kwa mtu ambaye ameshaambiwa na daktari kwamba ana macho makavu na sasa amesimama mbele ya kabati la famasi hajui achukue lipi.

Ujue kwanza unakosa nini

Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyafanya yashike kwenye jicho, katikati kuna maji, na juu kuna utando mwembamba wa mafuta unaoyazuia maji yasikauke. Mafuta hayo yanatoka kwenye vitundu vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, juu na chini, nyuma kidogo ya pale nywele zinapoota. Kuna anayekosa maji, kuna anayekosa mafuta, na wengi wanapungukiwa vyote.

Kliniki ya macho walinipima mambo matatu. Walinitundikia kikaratasi chembamba kwenye kope la chini, nikafumba macho dakika tano, kisha wakapima kimelowa milimita ngapi. Kinaitwa kipimo cha Schirmer, kwa jina la daktari wa Kijerumani aliyekieleza mwaka 1903, na mpaka leo ni kikaratasi tu. Kikilowa chini ya milimita 10 wanaanza kuhesabu kwamba maji ni machache, na chini ya 5 hali ni mbaya. Mimi nilipata 14 jicho la kulia na 13 la kushoto. Maji yapo.

Cha pili walinigusisha rangi ya njano jichoni, wakazima taa ya chumba wakawasha ya buluu, daktari akaniambia nisipepese, akahesabu. Anasubiri kuona utando wa machozi unapasuka baada ya sekunde ngapi. Chini ya 10 ni mapema mno. Wangu ulipasuka ukingali kwenye sekunde ya nne. Cha tatu akaminya kope zangu taratibu. Mafuta yake, badala ya kutoka mepesi kama ya alizeti, yalitoka mazito kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu.

Basi tatizo langu kubwa ni mafuta. Vichupa sita nilivyonunua vyote vilikuwa vya kuongeza maji. Ndiyo sababu naomba mtu apimwe kabla ya kuanza kujaribu, hata kama ni safari ya siku nzima na foleni ndefu. Ukijua unakosa nini, majaribio yako yanapungua nusu.

Daktari pia aliniuliza ninakunywa dawa gani, nami nilikuwa sijawahi kuliunganisha hilo na macho. Dawa za mzio na mafua zile zinazoleta usingizi zinakausha. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, inakausha. Dawa za presha za kukojoza nazo zinaweza kuchangia. Usiache dawa ya presha kwa sababu ya macho. Mwambie daktari wako, yeye ndiye aamue kama kuna nyingine ya kubadilishia.

Soma boksi kabla ya kutoa hela

Maandishi ni madogo na ni ya Kiingereza, lakini maneno ya kutafuta si mengi. Mwombe mfamasia akuoneshe, ni kazi yake na wengi wanaifanya kwa moyo.

Tafuta kwanza kinacholainisha. Ukiona CMC, hiyo ni kaboksimethiliselulosi, mara nyingi kwa asilimia 0.5 au 1. HPMC, ambayo wengine wanaiita hipromelosi, ni ndugu yake, nayo hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Kuna polietileni glaikoli na propileni glaikoli, mara nyingi ziko pamoja. Kuna hialuroneti ya sodiamu, kwa kawaida asilimia 0.1 mpaka 0.2, ambayo inashika maji vizuri na huwa ghali zaidi. Kuna jeli ya kabomeri, nzito, inakaa muda mrefu lakini inaleta ukungu. Na kuna yenye mafuta ndani yake, kama parafini au mafuta ya mbarika, ambayo kwa mtu wa aina yangu ndiyo ya kuulizia. Mafuta mazito ya tyubu ni ya kulalia. Usiyapake asubuhi ukataka kutunga uzi kwenye sindano.

Kisha tafuta kihifadhi, yaani kile kinachozuia vijidudu visiote ndani ya kichupa. Kinachotumika zaidi ni benzalkoniamu kloraidi. Kwenye boksi utaona neno refu linaloanza na BENZALK, au kifupi chake BAK. Kinaua vijidudu vizuri, lakini kikiingia mara nyingi kinaudhi uso wa jicho na kuvuruga huo huo utando tunaoutafuta. Kwa matumizi ya mara moja au mbili kwa siku wengi hawaoni shida. Ukizidisha mara nne kwa siku, tafuta matone yasiyo na kihifadhi.

Yapo matone ambayo hayana nafasi kabisa kwenye jaribio hili. Ya kuondoa wekundu, yenye nafazolini au tetrahaidrozolini, yanabana mishipa ya damu, jicho linang'aa, nguvu ikiisha wekundu unarudi umeongezeka. Hayalainishi chochote. Ya antibiotiki ni ya ugonjwa wa vijidudu. Na yale yenye deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni yanatuliza kweli, tena haraka, na hapo ndipo penye hatari. Yakitumika kiholela yanapandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi. Nimewahi kupewa ya namna hiyo dukani bila cheti cha daktari, kwa sababu tu nilisema macho yananiwasha. Sikuyatumia, kwa kuwa binti wa kaka yangu alisoma boksi kabla yangu.

Angalia tarehe ya kuisha, angalia kama lakiri ya kifuniko haijakatika, na nunua famasi, si kwenye basi wala kwenye meza ya barabarani. Dawa iliyopo nchini kihalali imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya kazi hiyo inafanywa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Wiki ya kwanza, usijaribu chochote

Hapa wengi wanakosa subira, na hapa ndipo jaribio zima linaposimama. Kabla ya kufungua kichupa kipya, andika siku saba za hali yako ya kawaida. Kama hutumii kitu, usitumie. Kama unatumia kichupa fulani na huwezi kukaa bila hicho, endelea nacho, lakini uandike. Usipojua ulikotoka hutajua kama umefika.

Daftari langu ni la kawaida, la kurasa 80, nimelitundika kwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Kila siku naandika mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku. Naandika alama kutoka 0 mpaka 10. Sifuri ni macho ambayo siyakumbuki kabisa, kumi ni macho ambayo siwezi kuyafungua. Naandika nimetia matone mara ngapi. Naandika hali ya hewa, kama pangaboi liliwaka, na nilishona nini, maana kushona sketi nyeusi kutwa si sawa na kushona mashati meupe.

Mara moja kwa siku, saa saba kabla ya chakula, napima sekunde. Nakaa mahali pasipo na upepo, napepesa mara mbili kwa ukamilifu, kisha nabonyeza saa ya simu na kutazama ukuta bila kupepesa mpaka nihisi muwasho wa kwanza. Hapo nabonyeza tena. Sishindani, sisubiri mpaka machozi yatoke. Nafanya mara tatu na kuandika ile ya katikati. Hiki si kipimo cha daktari na hakichukui nafasi ya ile rangi ya njano, lakini ukikifanya kwa namna moja kila siku kinakuonesha kama unapanda au unashuka. Wiki ya kwanza nilikuwa kwenye sekunde 4, 5, 4, 6.

Ukurasa mmoja niupe hapa kama ulivyo, wa mwezi wa Septemba:

*Kichupa B, siku ya 6. Asubuhi 3. Mchana 6, upepo, mlango ulikuwa wazi. Usiku 4. Sekunde 7. Matone mara 4. Sketi nyeusi kutwa. Tone la saa nne lilishika hadi saa sita kasoro.*

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko alama zote. Muda ambao tone moja linashika ndio unaokuambia kama kichupa kinakufaa kazini.

Kutia tone

Nawa mikono kwa sabuni. Inua uso, vuta kope la chini mpaka liwe kama mfuko mdogo, shika kichupa juu yake bila kugusa kope wala nywele, dondosha tone moja. Fumba macho taratibu, usiyakaze, na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja ili dawa isikimbilie kooni.

Nasema moja kwa sababu zamani nilikuwa natia matatu. Jicho halina nafasi. Tone moja la kichupa lina ujazo mkubwa kuliko jicho linavyoweza kushika, la pili lote linaishia shavuni. Kama una matone ya aina mbili uliyoandikiwa, pisha dakika kumi katikati, na kizito kiwe cha mwisho. Mkono ukitetemeka, lala chali kitandani, egesha mkono kwenye paji la uso.

Piga na hesabu ya kichupa. Mililita moja inatoa kama matone 20, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina kama matone 200. Mtu anayetia mara nne kwa siku macho yote mawili anatumia matone 8 kwa siku, kichupa kitaisha siku ya 25. Hiyo ni sawa, kwa kuwa vichupa vingi vyenye kihifadhi havitakiwi kutumika baada ya siku 28 tangu kufunguliwa. Lakini anayetia mara mbili tu atatupa karibu nusu, basi anunue cha mililita 5. Mimi naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya alama kwenye kichupa chenyewe, si kwenye boksi, maana boksi linapotea.

Siku ya kwanza na zile kumi na tatu zinazofuata

Fungua kichupa kipya siku ambayo huendeshi chombo na huna kazi ya haraka. Mimi nachagua Jumapili mchana. Natia tone na kuandika mambo mawili. Linachoma au halichomi, na kama linachoma ni kwa muda gani. Muwasho mdogo wa sekunde chache ni wa kawaida, lakini linalochoma dakika nzima kila unapotia, nimeliacha. Na ukungu unaisha lini: naitandaza tepu mezani, naangalia dakika ambayo namba ndogo za milimita zinasomeka vizuri. Maji-maji ya HPMC yalinipisha kwa chini ya dakika moja. Jeli ilinichukua dakika kumi na mbili, na sindano ya cherehani inayokimbia haisubiri dakika kumi na mbili. Jeli nikaihamishia usiku, na usiku inafanya kazi nzuri.

Baada ya hapo, kichupa hicho na hicho kwa siku kumi na nne, mara nne kwa siku kwa saa zilezile, hata kama siku ya tatu huoni tofauti. Uso wa jicho uliokauka miezi haupoi kwa siku tatu. Mengine yanahitaji mwezi. Kinachonifanya niache mapema ni maumivu, wekundu unaoongezeka au kope kuvimba. Kutopendezwa si sababu.

Na ubadilishe kitu kimoja tu. Mara ya kwanza nilipoanza kichupa chenye mafuta, wiki hiyohiyo nilianza kukanda kope kwa maji ya moto na nikahamisha pangaboi. Macho yalipata nafuu kubwa, nami sikujua nishukuru kipi. Nililazimika kuacha viwili na kuanza upya, kimoja kimoja, na ilinigharimu wiki sita.

Kuna njia mbili za kujikinga na upendeleo, maana ukinunua kichupa cha bei kubwa moyo unataka kifanye kazi. Ya kwanza ni ya binti wa kaka yangu, anayesoma uuguzi. Nilikuwa nimeshikilia kwamba kichupa changu cha ghali ni bora kuliko cha bei ya chini, vyote vikiwa na CMC ya asilimia ileile. Akaniambia, "Shangazi, nipe vyote viwili." Akavizungushia selotepu ya karatasi, akaandika A kimoja na B kingine, maboksi akaenda nayo. Nikatumia A wiki mbili, B wiki mbili. Alama za A wastani 4, za B wastani 4. Sekunde ziliachana kwa moja. Alipofungua selotepu nilikuwa siwezi hata kubashiri. Baadaye aliniambia kwamba mwaka 2016 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 43 ya matone haya, wakaona mengi yanafanana kwa nguvu. Tangu siku hiyo nalinganisha kilichomo ndani, silinganishi boksi. Angalizo: fungeni selotepu juu ya kichupa, msimimine dawa kwenye kichupa kingine. Kumimina kunaingiza vijidudu.

Njia ya pili ni jicho dhidi ya jicho: kulia kichupa kimoja, kushoto kingine, siku ileile, upepo uleule. Inafaa kwa kupima muwasho na ukungu, na inafaa tu kwa mtu ambaye macho yake yote mawili yanasumbua sawasawa. Funga uzi mwekundu kwenye shingo ya kichupa cha kulia ili usichanganye.

Daftari lilivyoniambia kinyume

Kulikuwa na kichupa kimoja nilichokipenda sana, chenye kihifadhi cha BAK. Agosti nilitia mara nne, alama zikashuka kutoka 6 hadi 3. Septemba upepo ukachachamaa, nikaongeza hadi mara sita, kisha nane, kisha tisa. Niliona ninajisaidia. Siku moja niliketi nikasoma kurasa za wiki tatu kwa mfululizo, nikaona matone yanapanda na alama zinapanda pamoja nayo. Asubuhi, kabla ya kutia chochote, nilikuwa 2, halafu 4, halafu 6. Sekunde zilikuwa zimerudi 4.

Nikahamia vile vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja, visivyo na kihifadhi, dawa ileile ndani. Bei yake kwangu ilikuwa zaidi ya mara tatu. Ilichukua siku kumi asubuhi kurudi kwenye 3. Bila daftari ningeendelea kuongeza matone mpaka leo. Kwa asiyemudu vya kutumia mara moja, kuna vichupa vikubwa vyenye kidomo maalumu kinachozuia hewa chafu isirudi ndani, navyo havina kihifadhi. Ulizia. Na kile kidogo cha mara moja usikiweke hadi kesho ili kubana matumizi. Soma karatasi yake, fuata saa zilizoandikwa, kisha tupa.

Usafi huu si hofu ya bure. Mwaka 2023 huko Marekani matone ya machozi bandia yaliyoingiwa na kijidudu sugu aina ya sudomonasi yaliwafanya watu 81 katika majimbo 18 waugue. Wanne walifariki, 14 walipoteza uoni, wengine wanne jicho likatolewa. Yalikuwa matone ya kulainisha tu, kama haya ninayoyaandika. Kwa hiyo usiazime kichupa, hata kwa mumeo. Usitumie kilichodondoka kikagusa sakafu. Na kwa jina la Mungu, usitie jichoni asali, maji ya chumvi ya nyumbani, maziwa ya mama, mkojo wala majani yaliyopondwa. Kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kinaweza kuacha kovu jeupe la maisha.

Yasiyo ya kichupa, nayo yapimwe

Pangaboi lilikuwa juu ya kichwa changu moja kwa moja. Nilisogeza cherehani mita mbili, alama ya mchana ikashuka kwa moja na nusu bila senti kutoka. Kupepesa nako: mtu aliyetulia anapepesa kama mara 15 kwa dakika, akikazia macho kazi ya karibu au simu inashuka hadi tano, sita. Mimi kila nikimaliza pindo moja nafumba macho kabisa, nahesabu mbili, nafungua.

Kukanda kope kwa moto ndiko kulikonisaidia kuliko kichupa chochote, kwa sababu shida yangu ni mafuta yaliyoganda. Taulo dogo safi, maji ya moto ambayo ngozi ya ndani ya kiganja cha mkono inayavumilia, juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi. Kitambaa kinapoa baada ya dakika mbili, basi uwe na chupa ya chai pembeni uchovye tena. Ukimaliza, pitisha kidole taratibu kuelekea nywele za kope, la juu kushuka, la chini kupanda. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya nne sekunde zangu zilikuwa 11.

Acha kujaribu, nenda hospitali

Maumivu makali, uoni uliopungua na kupepesa hakuurudishi, mwanga unaouma, tongotongo za njano au kijani, jicho moja jekundu kuliko jingine, kitu kimeingia, au unavaa lenzi za jichoni na jicho limeanza kuuma: hayo si ya daftari, ni ya kwenda leo. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri jioni huenda amepungukiwa vitamini A, naye asitiwe matone ya mtu mzima na kuachwa. Na mtu ambaye macho yamekauka, mdomo umekauka hadi ugali haushuki bila maji, na viungo vinauma, amwambie daktari yote matatu kwa pamoja. Kuna ugonjwa wa kinga ya mwili uliopewa jina la Sjögren, daktari wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, nao unahitaji vipimo vya damu.

Ukienda, beba daftari na vichupa vyote, hata vilivyokwisha. Mara ya mwisho daktari alisoma kurasa zangu kwa dakika nne bila kusema neno, akaweka kidole kwenye ule ukurasa wa matone tisa, akaniuliza, "Hapa uliona nini?" Tukaanzia hapo.

Sasa niko siku ya tisa ya kichupa kipya chenye mafuta ya mbarika, kisicho na kihifadhi. Asubuhi 2. Mchana 3. Sekunde 12. Upepo haujaanza bado, kwa hiyo siandiki chochote cha kukisifia mpaka Agosti.